Wewe Pumua, Mimi Nitashika

Ukishapita duka la mbegu pale soko la Migwani, kuna mashine ya unga ambayo haijasaga chochote tangu mwenyewe ahamie Mwingi, na mbele yake kuna benchi la miguu mitatu na jiwe moja. Watu wa hapo wanapaita base. Kahawa inauzwa na Wanyoike, maarufu kama Birika, aliyetoka Murang'a na nia ya kuuza viatu akaishia kuuza kahawa ya tangawizi kwa watu wasio na haraka ya kwenda popote. Muthama hakosekani, naye huitwa Stima, kwa sababu aliwahi kuchimba mashimo ya nguzo za umeme, na tangu siku hiyo hajakubali kwamba kuna jambo lolote duniani lisilohusu umeme. Hakosekani pia Mulwa, anayeitwa Askofu, ambaye hana kanisa wala kofia ila sauti anayo. Ijumaa moja saa nne asubuhi, Muindi, mpiga kinanda wa kanisa la kule kilimani, alifika hapo na kinanda kwapani, laptop mgongoni na uso wa mtu asiyelala vizuri, akafanya kosa ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi hapo base. Akaeleza shida yake.

— Noti inakatika, alisema.

— Imekatikia wapi? Birika aliuliza, akiacha kumimina. Lete niibandike selotepu. Bora namba zionekane.

— Si noti ya pesa, Birika. Noti ya muziki. Sauti.

— Si ungesema sauti.

Muindi akashusha pumzi. Kahawa haikuwa imefika hata mdomoni na tayari alitamani kurudi nyumbani.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kinanda cha Muindi hakina sauti yake chenyewe; ni vibao vya kubonyeza, swichi na waya basi. Sauti zote zimo ndani ya laptop: filimbi, tarumbeta, na zile vayolini zilizorekodiwa ng'ambo, ambazo ukibonyeza kidole kimoja unasikia ukumbi mzima wa watu wakizivuta. Kinanda kazi yake ni kutuma maagizo, na maagizo hayo ndiyo mafundi wanayaita midi: bonyeza hapa, achilia hapa. Halafu chini kuna pedali ya mguu, na hiyo agizo lake ni moja tu, shikilia. Ukiikanyaga, hata uondoe vidole, vayolini zinaendelea kulia mpaka utoe mguu. Nyumbani kwa Muindi pedali inafanya kazi. Jumamosi kwenye mazoezi inafanya kazi. Jumapili, mbele ya kanisa zima, akikanyaga sauti inakufa, na akitoa mguu kila sauti anayobonyeza inakataa kuisha, zinapandana na kulia mpaka katikati ya matangazo.

Angekuwa anaaibika peke yake, angevumilia. Lakini noti ile ilikuwa ya Mama Kalondu. Huyo mama amekuwa akianzisha nyimbo pale kanisani tangu Muindi hajazaliwa, na kuna wimbo mmoja ambao katikati yake anapanda juu, anakaa hukohuko juu, na hashuki mpaka atakapoona watu wameguswa. Mwaka jana kifua kilimshika, akalazwa Mwingi wiki kadhaa, akarudi na nusu ya pumzi aliyoenda nayo. Akasema anaacha kuimba. Ni Muindi aliyemfuata kwake akamwambia, mwaitu, yaani mama, ukifika pale juu wewe pumua, mimi nitashika. Mama akamwamini. Sasa Jumapili mbili zimepita, na mara zote mbili amepanda, amenyamaza ili avute pumzi, na chini yake hakukuwa na kitu. Kimya kitupu, mtu mzima amesimama mbele za watu mdomo wazi. Mara ya pili kuna mtu alicheka huko nyuma.

Wazee wa kanisa walishasema. Jumapili hii ikikatika tena, kinanda kinaenda stoo, na wimbo anapewa Ndunge, ambaye huimba akifuata muziki uliorekodiwa kwenye flash. Mama Kalondu mwenyewe alikuwa amemwambia Muindi kwa upole, wacha tu mwanangu, si lazima, na upole huo ndio uliomnyima Muindi usingizi. Angetukanwa angelala.

— Wacha tuone, alisema Stima. Funga hiyo kitu hapa.

Muindi akakalia ukingo wa benchi, kinanda mapajani, laptop juu ya kreti ya soda, spika ndogo kando yake, pedali chini kwenye vumbi. Akawasha. Akabonyeza vibao vitatu, akakanyaga, akainua mikono yote miwili juu ili wote waone. Vayolini zikaendelea kulia taratibu, tamu kabisa, mpaka mwenye duka la mbegu akatoka kuangalia. Akatoa mguu. Zikanyamaza.

— Sasa si iko sawa? Birika akauliza.

— Hapa iko sawa! Shida ni kanisani!

— So shida si kinanda. Shida ni kanisa.

— Sijasema hivyo.

— Umesema. Askofu, si umesikia amesema?

— Nimesikia, alisema Askofu kwa huzuni kubwa. Na nimenyamaza tu.

Stima akanyanyua mkono kuomba nafasi ambayo hakuna aliyemnyima.

— Sikizeni. Hii ni stima, wala si kitu ingine. Noti fupi inakula stima kidogo. Noti ndefu inakula mingi. Kanisa yenu iko mwisho wa laini. Stima ikifika kilimani imepitia kwa fundi wa kuchoma vyuma, imepitia kwa kinyozi, imepitia kwa yule wa kuku. Inafika imechoka. Utaiambia ishike noti na hata kusimama haiwezi?

— Laptop iko na betri, Stima. Haijui hata kama kuna laini.

— Na spika?

— Spika ziko sawa. Pasta anahubiri nazo masaa matatu.

— Maneno ni mepesi, Stima akasema. Hiyo umesahau.

— Hata kinanda siwashi mapema. Pasta hapendi ule mngurumo wa spika wakati wa maombi ya kufungua. Kwa hivyo nasimama pale tayari, akisema amina ndio nagonga swichi na kuanza.

— Asi! Stima akapiga paja. Unaona? Unaiamsha ghafla! Hata mimi ukiniamsha hivyo nitakatika!

Muindi akafuta uso kwa kiganja. Kuna kuchoka kwa kazi na kuna kuchoka kwa kusikiliza, na hapo base wanauza aina ya pili pamoja na kahawa.

— Kwani hiyo laptop haiwezi kupiga yenyewe? Birika akauliza. Si urekodi, uende ukae?

Hili angalau lilikuwa swali, na Muindi akalijibu kwa moyo.

— Nimejaribu. Jumatano nilirekodi wimbo wote. Kwa laptop noti inaonekana hivi, kama kipande cha mkanda. Unaishika na mausi unaivuta, inakuwa ndefu vile unataka. Nikavuta ile ya Mama Kalondu ikawa ndefu mpaka ikatoka kwa skrini.

— Sasa?

— Sasa Mama Kalondu haimbi na saa. Leo anakaa juu kidogo, kesho anakaa sana. Akiona mtu analia, anaongeza. Nikivuta fupi, inamwacha. Nikivuta ndefu, yeye ameshaendelea na vayolini bado ziko nyuma zinalia peke yake. Lazima niwe nimeshika mimi, nikimwangalia. Yeye ndio ananiambia niache saa gani.

Birika na Stima wakaitikia kwa kichwa, na Muindi akadhani labda wameelewa.

— Mabati, Birika akasema.

— Mabati imefanya nini?

— Hapa hatuna mabati juu, sauti inaenda zake. Kanisa iko na mabati. Sauti inapanda, inagonga, inarudi. Ile inarudi inakutana na ile inapanda. Moja lazima ipishe.

— Kwa hivyo watoe mabati ndio Mama aimbe?

— Mimi nimesema tu penye shida iko. Kutoa mabati ni kazi ya wazee.

Askofu alikuwa ameinamia kikombe chake muda wote huo, dalili mbaya. Sasa akakiweka chini.

— Muindi. Nikuulize pole pole. Hizo vayolini, ni nani anapiga?

— Hakuna mtu anapiga. Ziko ndani ya laptop.

— Ziliingiaje?

— Zilirekodiwa. Watu walipiga kitambo, noti moja moja, zikawekwa huko. Ukibonyeza, inatoka ile yenyewe walipiga.

— Watu wa wapi?

— Sijui. Ng'ambo.

— Wako hai?

Muindi akamwangalia. Hakuwa amewahi kujiuliza, na alikasirika kwamba sasa atakuwa akijiuliza.

— Askofu, nitajuaje kama wako hai?

— Hujui! Askofu akasimama kabisa. Unaenda madhabahuni na watu hujui kama wako hai! Unatoa kidole, sauti inaendelea, na hakuna mkono umeshika! Mimi nikisikia sauti kwa nyumba na hakuna mtu, si naita hiyo vayolini. Naita majirani!

— Lakini hapa si imelia vizuri? Birika akasema. Kama ni mashetani, mbona hapa hayakatiki?

— Hapa si mahali patakatifu.

— Ngoja, ngoja, Stima akaingilia, macho yakimetameta. Leo ni siku gani? Ijumaa. Jumamosi inafanya. Jumapili haifanyi. Hao ni wazungu, si ndio? Walipiga kwa kandarasi. Jumapili ni off!

— Ni rekodi, Stima! Muindi akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Rekodi haina off!

— Si umeona mwenyewe vile inafanya? Mimi naongea na ushahidi. Wewe unaongea na hasira.

— Wangekuwa Waadventista wangegoma Jumamosi, Birika akasema, akimwongezea Stima kahawa kwa heshima ya hoja hiyo. Kwa hivyo si Waadventista.

Muindi akashika kichwa. Alijilaumu kwa kuja. Angekuwa nyumbani amekaa na mashine yake, akifungua na kufunga yale madirisha ya laptop aliyokwisha kuyafungua mara zisizohesabika, akitazama ule mstari wa pedali ambao laptop huuita sitini na nne. Akakosea tena, akautaja.

— Nimeangalia hata kwa laptop. Agizo la pedali liko na namba yake, sitini na nne. Jumapili linakuja, lakini linakuja upande mwingine. Nikikanyaga linasema achilia. Nikitoa linasema shika. Sielewi ni kwa nini.

— Sitini na nne, Askofu akarudia pole pole. Ndio mwaka tulipata jamhuri.

— Sasa hiyo inaingiaje?

— Sijasema inaingia. Nimesema tu nimeiona.

Mama Kalondu aliwafikia wakiwa hapo kwenye jamhuri. Alikuwa akitoka sokoni na kiondo cha ndengu, leso begani, akitembea vile anavyotembea siku hizi, anapiga hatua kadhaa, anasimama na kujifanya anaangalia duka la mtu, kumbe anatafuta pumzi. Birika akamwachia kigoda chake. Wote wakamsalimu na kushusha sauti, hata Askofu.

— Nimesikia vayolini kutoka kwa wauza nyanya huko chini, akasema. Nikajua ni Muindi.

— Mwaitu, tunajaribu kujua ni nini inakatanga pale kanisani, Stima akamwambia. Tumefika mbali.

— Mmefika wapi?

Stima akatazama Askofu. Askofu akatazama kahawa.

— Tumefika mbali, Stima akarudia.

Muindi hakuweza kumtazama usoni. Alizima kinanda, akakiwasha tena, akabonyeza na kukanyaga, ili angalau mama aone kwamba hakumdanganya siku ile, kwamba kitu hiki hushika kweli. Vayolini zikalia. Mama Kalondu akasikiliza, kiondo mapajani. Hakutazama laptop. Alikuwa akitazama chini.

— Hapa mguu umeuweka kando kwanza, akasema.

— Ndio, mwaitu. Nakanyaga nikishabonyeza.

— Na kanisani wakati wa maombi, kabla ya amina, mguu wako huwa wapi?

Muindi akafikiri. Alijiona amesimama nyuma ya kinanda, kichwa chini, kidole kwenye swichi. Kutoka magotini kwenda chini hakujiona.

— Sijui, akasema. Huwa naomba.

— Wakati wa maombi mtu hawezi kujua mambo ya miguu, mwaitu, Stima akasema. Macho yamefungwa.

— Yangu huwa imefungwa kabisa, alisema Birika, ambaye wakati wa maombi ya Jumapili huwa yuko stendi na birika lake.

— Mimi hata masikio, Askofu akasema.

— Uko juu ya hiyo kitu, Mama Kalondu akasema. Umeikanyaga kabisa.

Muindi akautazama mguu wake. Halafu akazima kinanda. Akaweka mguu juu ya pedali, akaikandamiza, akainamisha kichwa kwa mazoea, na Askofu kwa mazoea akasema amina. Akagonga swichi. Akabonyeza vibao vitatu na kuinua mikono, mguu ukiwa palepale.

Kimya.

Akatoa mguu, akagusa kibao kimoja, kingine, kingine. Zote zikalia pamoja, zikapandana, zikakataa kuisha, kelele ileile ya Jumapili mbili, na mwenye duka la mbegu akatoka tena akiwa amebadilika uso.

— Ngai! Muindi akasema. Ngai wakwa! Ikiwashwa inaangalia pedali kwanza! Vile inaikuta ndio inafikiri ni vile huwa inakaa! Nikiwasha nimeikanyaga, inadhani hiyo ndio kupumzika. Kila kitu inageuka!

— Si nilisema ni swichi? Stima akasema.

— Ulisema ni stima!

— Swichi ni ya nini? Ya maji?

— Nilisema madhabahuni, Askofu akaongeza. Maombi na madhabahu si ni mahali pamoja?

Muindi angewajibu, na jibu lisingekuwa la mtu wa kanisa, lakini Birika, aliyekuwa akikuna kidevu, akawahi.

— Lakini mama. Wewe uliona huo mguu ukiwa wapi?

— Mimi niko mbele hapo. Kwaya inasimama karibu na yeye.

— Si karibu nauliza. Wakati wa maombi. Uliona aje?

Wote wakamgeukia. Mama Kalondu akapanga leso begani, akaipanga tena. Mwanamke huyo amekemea watoto wa watu miaka na miaka kwa kufungua macho kanisani, na wawili kati yao walikuwa wamekaa kwenye hilo benchi.

— Tangu nitoke hospitali sifungi, akasema mwishowe. Mkianza kuomba mimi naanza kuogopa. Najua wimbo unakuja. Sasa naangalia Muindi. Nikiona amesimama pale, na mguu wake uko tayari, naambia hii kifua yangu kwamba kuna mtu.

Muindi akainamia waya zake akijifanya anazinyoosha, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi. Mguu huo ambao mama alikuwa akiutazama ili apate nguvu ndio huohuo uliokuwa ukimwangusha. Na yeye Muindi aliuweka pale kwa kutaka kuwahi, ili asimcheleweshe hata kidogo.

— Zima, Mama Kalondu akamwambia. Weka mguu chini. Washa.

Akazima, akaweka mguu chini kwenye vumbi, akawasha. Mama hakusimama. Alianza palepale kwenye kigoda, kwa sauti ndogo ya mtu anayeosha vyombo, kisha akapanda. Sauti ilikuwa na mkwaruzo ambao zamani haikuwa nao. Muindi akabonyeza, akakanyaga, akamwangalia. Mama akafika juu, akakaa, akakaa tena, kifua kikamshinda, akanyamaza. Chini yake vayolini zilikuwepo. Akavuta pumzi yote aliyotaka, bila haraka, macho yakiwa kwa Muindi, akarudi juu akamalizia. Akatikisa kichwa kidogo. Muindi akaachilia.

Hakuna aliyesema ni stima. Birika alikuwa ameshika kikombe cha mtu na kahawa ikamwagika yote kwenye kiatu chake bila yeye kushtuka.

— Haya, Mama Kalondu akasema, akijikokota kusimama na kiondo chake. Jumapili ni sawa. Sasa tutaambia wazee na pasta vile ilikuwa, wajue kinanda haina makosa na Muindi hana makosa.

— Kabisa, Stima akasema. Nitaenda mimi mwenyewe.

— Utawaambia ni mguu. Kwamba wakati wa maombi mguu unakaa juu ya pedali.

— Kabisa.

— Na pasta akiuliza ni nani aliona na kanisa yote imefunga macho, utasema ni nani?

Stima akamtazama Askofu, na Askofu akamtazama Birika. Birika akainua birika lake, akalitikisa karibu na sikio, na kwa mara ya kwanza tangu afike Migwani akatangaza kwa furaha kwamba kahawa imeisha.